Maradhi Hayaulizi Kiwanda ni cha Nani

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma



Mmenitaka nizungumze juu ya mashirika ya umma na makampuni ya watu binafsi, na hasa jinsi yanavyofanya kazi wakati nchi inapovamiwa na maradhi. Nashukuru kwa heshima hiyo. Jambo hili si geni masikioni mwenu. Hubishaniwa kila mara katika vyumba vya walimu na katika maofisi, na kwa kawaida wabishani hugawanyika pande mbili.

Upande wa kwanza husema kwamba shirika la umma ni zito kama jiwe la kusagia: halisogei mpaka lisukumwe, wakubwa wake hungoja barua kutoka wizarani, na siku ya hatari huwakuta bado wamo katika vikao. Upande wa pili husema kwamba kampuni ya mtu binafsi haina huruma: huangalia faida kwanza na mgonjwa baadaye, na siku ya hatari kwake ni siku ya mavuno. Kila upande huja na mifano yake, na mifano hiyo mara nyingi ni ya kweli. Lakini mfano mmoja haufanyi hoja, na ubishi huo huendelea mwaka hadi mwaka bila kumsaidia mtu anayepaswa kuamua ni nani apewe fedha za wananchi ili alete dawa.

Leo nataka tuipime habari hii kwa mambo yaliyotokea kweli. Ninaposema shirika la umma nina maana ya lile ambalo mtaji wake wote, au sehemu kubwa yake, ni wa serikali, na kwa hiyo faida yake na hasara yake ni za wananchi. Ninaposema kampuni binafsi nina maana ya ile ambayo mtaji wake ni wa mtu au wa wenye hisa. Tutayapima yote kwa mizani minne: kasi, bei, ubora, na uwezo wa kudumu baada ya hatari kupita.

KASI

Tuanze na kasi, maana maradhi hayangoji. Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni hatari ya afya kwa dunia nzima. Siku saba kabla ya hapo, tarehe 23 Januari, shirika la ujenzi la serikali ya China lilikuwa limekwisha kuingiza matingatinga katika uwanja mmoja mjini Wuhan. Tarehe 2 Februari hospitali ya Huoshenshan, yenye vitanda 1,000, ilikuwa tayari. Anayesema kwamba shirika la umma haliwezi kukimbia hana budi kueleza hospitali hiyo ilijengwa na nani.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, nchi inayosifika kuliko zote kwa kutegemea watu binafsi. Kampuni ya Moderna haikuwa na dawa hata moja sokoni kabla ya mwaka 2020. Hata hivyo chanjo yake iliruhusiwa kutumika tarehe 18 Desemba 2020, chini ya mwaka mmoja tangu maradhi yajulikane. Hiyo nayo ni kasi ya ajabu. Anayesema kwamba kampuni binafsi haiwezi kuihudumia jamii hana budi kukumbuka mamilioni ya watu waliokingwa kwa chanjo hiyo.

Lakini tusiishie kwenye jina la kampuni. Tuulize nani alilipa. Moderna ilifanya utafiti wake pamoja na taasisi za afya za serikali ya Marekani. Serikali hiyo ilitoa karibu dola bilioni 1 kwa ajili ya majaribio, na Agosti 2020, kabla haijajulikana kama chanjo itafaa, iliahidi kununua dozi milioni 100 kwa kiasi cha dola bilioni 1.5. Kampuni ya Pfizer haikuchukua fedha za utafiti kutoka serikali ya Marekani, lakini nayo ilikuwa na oda ya serikali mkononi tangu Julai 2020, na mshirika wake BioNTech alipewa na serikali ya Ujerumani hadi yuro milioni 375. Hata mashine za kupumulia ni hivyo hivyo. Kiwanda cha magari cha General Motors kilitengeneza mashine 30,000 za kupumulia mwaka 2020 kwa mkataba wa serikali wa karibu dola milioni 490, baada ya Rais wa nchi hiyo kutumia sheria ya uzalishaji iliyotungwa wakati wa vita vya Korea.

Tunaona basi kwamba katika nchi zote mbili, ya mashirika ya umma na ya makampuni binafsi, kasi ilikuja pale serikali ilipoamua, ilipotoa fedha, na ilipokubali kubeba hasara kama mambo yangeharibika. China ilitoa amri, Marekani ilitia sahihi mkataba. Mwenye kiwanda alikimbia kwa sababu alijua ni nani anayemngoja mwisho wa safari.

Yapo pia maradhi ambayo hayana mnunuzi tajiri, na hapo ndipo kasi hupotea. Chanjo ya Ebola ilibuniwa katika maabara ya serikali ya Canada mjini Winnipeg. Mwaka 2010 haki ya kuiendeleza ilipewa kampuni moja ndogo ya Marekani. Ugonjwa ulipolipuka Afrika ya Magharibi mwaka 2014, chanjo hiyo ilikuwa bado haijajaribiwa kwa binadamu. Watu zaidi ya 11,000 walikufa. Kampuni kubwa ya Merck iliichukua kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 2014, majaribio yakafanyika Guinea mwaka 2015 na kuonyesha kwamba inakinga, na baadaye chanjo hiyo ikatumika sana katika Kivu ya Kaskazini. Maabara ya umma ilibuni. Kampuni ndogo iliweka kabatini. Kampuni kubwa ilikamilisha baada ya dunia kuogopa. Sisi tunaoishi karibu na maradhi haya tulitazame jambo hilo kwa makini, maana mkoa wetu wa Kagera ulipatwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na katika mara zote mbili hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa ya kuwapa wauguzi wetu.

BEI

Mizani ya pili ni bei. Hapa wengi hudhani jibu ni rahisi: shirika la umma litauza kwa bei nafuu, kampuni binafsi itauza ghali. Mambo yenyewe yana pande nyingi zaidi.

Ni kweli kwamba Moderna, iliyosaidiwa na fedha za walipa kodi, ilipata faida ya dola bilioni 12.2 katika mwaka 2021 peke yake, mwaka ambao watu wengi wa Afrika walikuwa hawajaona hata sindano moja. Lakini kampuni ya AstraZeneca, nayo ni ya watu binafsi, ilikubaliana na Chuo Kikuu cha Oxford kwamba haitachukua faida wakati wa janga, na ikampa ufundi wake mtengenezaji wa India, Serum Institute, ambaye naye ni wa watu binafsi. Chanjo za kwanza zilizofika Kenya kwa mpango wa COVAX, tarehe 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni 1, zilitoka huko. Makampuni haya yote ni binafsi, na yote yalikuwa katika janga lile lile. Yaliachana njia kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa katika mikataba: upande mmoja mwenye elimu aliweka sharti, upande wa pili hakuweka.

Turudi nyuma kidogo, kwenye UKIMWI. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo ziligharimu dola 10,000 na zaidi kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Aliyeivunja bei hiyo alikuwa nani? Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, kampuni ya watu binafsi, ilitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la madaktari wa kujitolea. Mwezi Aprili mwaka huo huo makampuni 39 ya dawa, nayo ni ya watu binafsi, yaliiondoa mahakamani kesi yaliyokuwa yameifungua dhidi ya serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria iliyokusudia kushusha bei za dawa. Binafsi alipambana na binafsi, na wagonjwa wakanufaika.

Brazil nayo ilipita njia nyingine. Mwaka 2007 serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikilipa dola 1.59 kwa kidonge kimoja cha efavirenz. Ilipoona wengine wanakipata kwa bei ndogo zaidi, na mazungumzo na mwenye hataza yaliposhindikana, ilitoa leseni ya lazima, ikanunua India kwa senti 45 hivi, na baadaye kiwanda cha umma cha Farmanguinhos kikaanza kukitengeneza nyumbani. Kiwanda hicho cha umma kilikuwa na faida moja kubwa hata kabla ya kutengeneza kidonge chochote: wataalamu wake walijua gharama halisi ya kutengeneza dawa. Serikali iliingia katika mazungumzo ikijua bei ya haki ni ipi. Ndugu zangu, mnunuzi asiyejua gharama ya kitu hulipa bei anayotajiwa. Hapo ndipo shirika la umma linaweza kuwa na thamani isiyoonekana katika hesabu zake za mwisho wa mwaka.

UBORA

Mizani ya tatu ni ubora. Mwezi Machi 2021 ilijulikana kwamba kiwanda cha kampuni binafsi ya Emergent BioSolutions, katika mji wa Baltimore, kilichanganya malighafi za chanjo mbili tofauti, na dozi zipatazo milioni 15 za chanjo ya Johnson & Johnson zikaharibika. Mwezi Juni wakaguzi wa serikali waliamuru dozi nyingine milioni 60 hivi zitupwe. Mtu angeweza kusema: hayo ndiyo matunda ya tamaa ya faida.

Sasa tazameni China. Mwaka 2017 wakaguzi wa nchi hiyo waligundua chanjo hafifu za dondakoo, kifaduro na pepopunda kutoka viwanda viwili. Kimoja, cha Changchun Changsheng, kilikuwa cha kampuni binafsi, na dozi zake mbovu zilikuwa 252,600. Cha pili, Taasisi ya Wuhan, kilikuwa cha serikali, na dozi zake mbovu zilikuwa 400,520. Mtoto wa mkulima aliyechomwa sindano ile dhaifu hakupata nafuu yoyote kwa kuwa kiwanda kilikuwa cha umma. India nayo, Januari 2008, ilisimamisha viwanda vitatu vya chanjo vya serikali, vya Kasauli, Coonoor na Chennai, kwa sababu havikutimiza masharti ya utengenezaji bora. Viwanda hivyo vilikuwa vimeachwa bila kukarabatiwa. Kufungwa kwavyo kulileta upungufu wa chanjo, na mwaka 2010 serikali ikavirudishia leseni. Fundisho lake ni chungu mara mbili: serikali iliyoacha viwanda vyake kuchakaa ilijinyima ubora, na ilipovifunga ikajinyima chanjo.

Cuba yatupa mfano wa kusifiwa na wa kuonya kwa pamoja. Nchi ile, iliyokuwa na watu wapatao milioni 11 wakati huo, chini ya vikwazo vya biashara, iliweza kutengeneza chanjo zake yenyewe za UVIKO-19, Abdala na Soberana, katika taasisi zake za umma, na Septemba 2021 ilianza kuwachanja hata watoto wa miaka 2. Hayo hayakutokea ghafla. Ni matokeo ya kusomesha wataalamu na kuwatunza kwa miaka zaidi ya 30. Lakini Agosti ya mwaka huo huo kiwanda kikuu cha oksijeni cha nchi hiyo kiliharibika huku hospitali zikiwa zimejaa wagonjwa. Taifa lilikuwa na chanjo ya kujivunia na halikuwa na hewa ya kutosha wodini. Shirika la umma lililo hodari katika jambo moja halifanyi mengine yote kuwa hodari.

MKONO WA MNUNUZI

Ndugu walimu na watumishi, mpaka hapa nimesema juu ya watengenezaji. Lakini kati ya kiwanda na mgonjwa kuna mtu wa katikati, naye ni yule anayeandika zabuni, anayepokea mzigo, anayetia sahihi hati ya malipo. Wengi wenu mliomo humu ndio mtu huyo, na ndiyo sababu nimependa kuyasema haya mbele yenu.

Uingereza, wakati wa hofu ya mwaka 2020, iliweka njia ya upendeleo kwa makampuni yaliyopendekezwa na wanasiasa na wakubwa wa serikali ili yalete mavazi ya kujikinga hospitalini. Januari 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema kwamba njia hiyo ya upendeleo haikuwa halali. Katika hesabu za mwaka 2020/21 wizara ya afya ilifuta thamani ya pauni bilioni 8.7 za vifaa vilivyonunuliwa: vingine havikufaa, vingine bei yake ilikuwa imeanguka.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na shirika la umma la ugavi wa dawa, KEMSA. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo mwaka 2020 ulionyesha ununuzi wa shilingi za Kenya bilioni 7.8 uliofanyika kinyume cha taratibu, na bidhaa nyingi zilizonunuliwa kwa bei ya juu zikabaki ghalani baada ya bei za soko kushuka. Wakati huo huo wauguzi walikuwa wakilalamika kwamba hawana vifaa. Uingereza walipewa makampuni binafsi kwa upendeleo, Kenya shirika la umma liliagiza bila utaratibu, na mwisho wa yote mawili ulikuwa ghala lililojaa na mfuko wa wananchi uliotoboka. Nasi tusijitazame kama tuliokingwa na hatari hiyo. Hofu ikiingia, kila mtu husema taratibu zitafuatwa baadaye, na baadaye hiyo haifiki. Sheria ya ununuzi wa dharura inapaswa kuandikwa na kufanyiwa mazoezi wakati wa utulivu, ili siku ya hatari afisa ajue ni kipi anachoweza kukiruka na kipi asichoweza kukiruka hata akipigiwa simu na mkubwa.

KIWANDA KISICHOAGIZWA

Nimefika kwenye mizani ya nne: uwezo wa kudumu baada ya hatari kupita. Hapa Afrika imepata fundisho ambalo nataka kila mtumishi alikumbuke.

Kabla ya UVIKO-19 Afrika iliagiza kutoka nje karibu asilimia 99 ya chanjo zake. Machi 2021 India ilipozidiwa na wagonjwa ilisimamisha kupeleka chanjo nje, na nchi zetu zikabaki zinangoja kwa miezi. Hapa Tanzania dozi za kwanza, 1,058,400, zilifika tarehe 24 Julai 2021 zikiwa msaada wa Marekani. Kwa uchungu huo, Aprili 2021 viongozi wa Afrika walikuwa wamekwisha kuazimia kwamba ifikapo mwaka 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazohitajiwa barani zitengenezwe hapa hapa barani. Kampuni ya Aspen ya Afrika Kusini, kampuni ya watu binafsi, ilikuwa na kiwanda tayari mjini Gqeberha. Machi 2022 ilipata leseni ya kutia chanjo ya Johnson & Johnson katika chupa na kuiuza Afrika kwa jina lake yenyewe. Waafrika tulishangilia. Ilipofika Mei 2022 kampuni ilisema haijapata oda hata moja. Sababu ni kwamba misaada ilikuwa imekwisha kujaa maghalani na woga ulikuwa umepungua. Azimio lilikuwepo, kiwanda kilikuwepo, mafundi walikuwepo. Mnunuzi hakuwepo.

Asiseme mtu kwamba hayo ni matatizo ya kampuni binafsi. Pale Kibaha kiko kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa ufundi wa Cuba chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo. Ni mali ya umma, kimejengwa kiweze kutoa hadi lita milioni 6 kwa mwaka, dhidi ya malaria, ugonjwa unaowaua watoto wetu kila mwaka bila kutangazwa kuwa dharura. Juni 2017 Rais John Magufuli alipokitembelea alikuta dawa imelala ghalani kwa kukosa wanunuzi, akalazimika kuziagiza halmashauri ziende kuichukua. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya aina hiyo itumike pale ambapo mazalio ya mbu ni machache, hayahami na yanaonekana, kwa hiyo haifai kila kijiji. Lakini hesabu hiyo ya wapi inafaa na wapi haifai, na kiasi gani kinatakiwa kila mwaka, ilipasa ifanywe pamoja na halmashauri kabla ya kujenga, si baada ya ghala kujaa.

Sasa linganisheni na Arusha. Mwaka 2003 kampuni ya Kijapani ya Sumitomo Chemical iliipa kampuni binafsi ya A to Z Textile Mills ufundi wa kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu, bila kudai malipo ya hataza. Kikawa kiwanda cha kwanza cha namna hiyo barani Afrika, kikakua mpaka kuweza kutoa karibu vyandarua milioni 30 kwa mwaka na kuajiri maelfu ya watu. Kilikua kwa sababu wanunuzi walikuwepo mwaka hadi mwaka: serikali na mashirika ya kimataifa yalinunua vyandarua kwa ajili ya mama wajawazito, kwa ajili ya watoto, na kisha kwa kila kaya. Tangu 2004 muuguzi wa kliniki ya serikali alimpa mama mjamzito Hati Punguzo, naye mama akaenda nayo katika duka la mtu binafsi akaongeza fedha kidogo na kuchukua chandarua. Tangu 2013, katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, walimu waliandikisha wanafunzi na kuwagawia vyandarua shuleni. Chandarua kilitoka katika kiwanda na kufika kitandani mwa mtoto kwa mikono ya watu wa umma na ya watu binafsi, na kila mmoja alijua zamu yake.

Kibaha ni ya umma, Gqeberha ni ya binafsi, na zote mbili zilipata tatizo moja. Arusha ni ya binafsi, Farmanguinhos ni ya umma, na zote mbili zilifanikiwa kwa sababu moja. Sababu yenyewe ni mnunuzi anayejulikana, anayetoa hesabu ya kweli, anayelipa kwa wakati, na anayekagua.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Je, nasema kwamba kumiliki hakuna maana? Sisemi hivyo. Yapo mambo ambayo mtu binafsi hatayagusa kwa sababu hayana faida, kama kuweka mitambo tayari kwa ugonjwa ambao huenda usije kwa miaka 10, au kutafiti chanjo ya maradhi ya vijijini. Hayo ni ya umma, na tukiyaacha tutalia siku ya msiba. Mwaka 2021 India ilipokosa oksijeni katika mji mkuu, hewa ilitengenezwa na viwanda vya chuma vya serikali na vya watu binafsi pia, lakini viwanda hivyo vilikuwa mbali na malori yenye matangi hayakutosha. Aliyeifikisha Delhi kwa wingi alikuwa shirika la reli la serikali, kwa treni maalumu zilizoanza kukimbia mwezi Aprili. Reli ile haikujengwa kwa ajili ya janga. Ilikuwepo, ilikuwa inafanya kazi, na kwa hiyo iliweza kuitika. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na mashirika ya umma yaliyo hai. Shirika lililo hai kwa jina tu, lenye mitambo iliyochakaa na mishahara ya kudaiwa, halitaitika.

Kwa watumishi wa umma naomba mambo matatu. La kwanza ni maoteo ya kweli. Mganga wa zahanati anapokopa namba za mwaka jana na kuzituma wilayani, na wilaya ikazituma Bohari ya Dawa bila kuzitazama, hakuna kiwanda, cha umma wala cha binafsi, kinachoweza kujipanga. Namba ile ndogo katika fomu ndiyo inayoamua kama mtambo utawashwa.

La pili ni kulipa. Deni la serikali kwa Bohari ya Dawa au kwa mtengenezaji wa nyumbani ni mtaji ulioondolewa kiwandani. Tunamcheleweshea mwenye kiwanda wa nyumbani fedha zake, kisha tunamlaumu kwamba bei yake ni kubwa kuliko ya yule wa nje ambaye tunamlipa kabla mzigo haujapanda melini. Mizani ya namna hiyo haina haki.

La tatu ni kukagua bila kujali mlango. Mkaguzi asimwogope mwenye mali kwa kuwa ni tajiri, wala asimwonee haya meneja wa shirika kwa kuwa wote ni watumishi. Dozi 400,520 za Wuhan zinatosha kutukumbusha.

Kwa walimu nasema hivi. Mafundi watakaoendesha viwanda hivi wako madarasani mwenu, wengine hawajui kusoma vizuri. Wafundisheni kemia na hesabu, lakini wafundisheni pia habari hizi za bei, za mikataba na za maghala, ili atakayekuwa mfamasia ajue kuandika mkataba, na atakayekuwa diwani ajue kuusoma. Raia asiyejua namna dawa inavyofika zahanati atashindwa kumuuliza diwani wake swali lenye maana.

Afrika imeanza kupata nafasi ya pili. Juni 2024 ulizinduliwa mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa chanjo barani, wa kiasi kinachofikia dola bilioni 1.2 kwa miaka 10. Fedha hizo zitawafikia watakaokuwa wamejiandaa. Viwanda vitajengwa, vingine vya umma, vingine vya watu binafsi, vingine vya ubia. Siku ya kukata utepe kutakuwa na ngoma na hotuba. Mimi ningependa siku hiyo mmoja wenu asimame aulize: nani ameagiza dawa ya kiwanda hiki kwa miaka mitano ijayo, oda yenyewe imeandikwa wapi, na fedha zake zimo katika bajeti ya nani? Majibu yakiwepo, tusherehekee. Yasipokuwepo, tuahirishe ngoma mpaka yapatikane.